L1 Ikawa Eksi

Mei 2019, siku za mwanzo za Ramadhani, wiki ileile Liverpool waliyoipindua Barcelona mabao 4-0 pale Anfield, chumba cha gemu cha mtaani kwetu hakikuwa na pa kutia mguu. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani, kwenye vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, Mombasa: runinga mbili, PS4 mbili, zile mashine za gemu za PlayStation, na panga boi moja lililozunguka likijisikia. Watu wakitoka taraweh walipitia viazi karai kwa mama wa pale kona, kisha wakaja kushika padi na vidole vya ukwaju. Ami, mwenye chumba, alikuwa na kitambaa maalumu cha kupangusia padi, na kila akikishika alikuwa na matusi yake ya kuendana nacho.

Mechi moja shilingi 20. Aliyefungwa analipa, anainuka, anampisha mwenziwe. Ndiyo sheria, na ilimgusa kila mtu isipokuwa mimi.

Mkono wangu wa kulia uliumia siku niliyozaliwa. Bega lilikwama, neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zikavutika, na si zote zilizopona. Bega halipandi, kiwiko chakunja nusu, kidole gumba hakina nguvu ya kubonyeza kitu mara mbili mfululizo. Nikiulaza mkono pajani, vidole viwili vinaweza kubana kitu polepole, basi. Sasa itazame padi ya PlayStation: gumba la kushoto linaendesha kijiti, na la kulia ndilo lenye kazi zote, eksi ya pasi, duara ya shuti, mraba wa krosi, pembetatu ya kupenyeza. Kwa hivyo mimi nilikuwa refa. Nilihesabu mabao, nilishika pesa, niliamua ugomvi. Siku mojamoja mtu aliniachia padi, nikaburura mchezaji kwa kile kijiti cha kushoto, na yeye akijifanya hanioni, mpaka nikaingia na mpira ndani ya wavu kwa miguu. "Mashallah, umefunga!" Vile anavyosifiwa mtoto aliyemaliza uji. Wala hakuna aliyewahi kunidai hiyo ishirini, nami hilo liliniuma kuliko bega.

Kwenye simu nilikuwa nimeshaiona ile padi ya Microsoft iliyotoka 2018 kwa ajili ya watu kama mimi. Bapa, vitufe viwili vikubwa kama visahani, na nyuma yake matundu 19 ya kuchomekea swichi za nje: ya kukanyaga, ya kusukuma kwa goti, ya kidevu. Dola 100 kasoro senti, wakati ule ni kama shilingi 10,000 kabla ya usafiri na ushuru, na hizo swichi unanunua mbali. Halafu ni ya Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft wenyewe, na kompyuta za Windows, na kwa Ami hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Nikaifunga video nikarudi kuhesabia watu mabao yao.

Usiku ule stima zilipotea katikati ya mechi. Wote tukatoka barazani kutafuta upepo. Ziliporudi, mashine ikawa inalalamika kwamba haikuzimwa sawasawa, ikaanza kujikagua, na aliyewahi kurudi ndani ni mpwa wangu wa miaka 12, kijana asiyeweza kuiona menyu akaiacha salama. Nilipoingia nilikuta runinga imegeuka rangi, nyeusi imekuwa nyeupe, kama filamu ya studio ukiiinua kwenye mwanga.

"Umefanya nini wewe?"

"Si mimi, Mjomba. Yenyewe."

Alikuwa ndani ya mipangilio, kwenye ukurasa ambao simu yangu, niliyoiweka kwa Kiswahili, inauita Ufikivu. Neno hilo nilikuwa nimelipita mara mia nikidhani ni mambo ya mtandao kushika na kutoshika, kumbe ni mipangilio ya watu wenye ulemavu. Nikamwambia arudishe rangi za watu kabla Ami hajaingia. Akarudisha, lakini jicho lilikuwa limeshashuka mstari mwengine.

"Mjomba, hapa yasema kitufe chaweza kugeuzwa kikawa kitufe chengine."

Nikakaa.

L1 na L2 ni vile vitufe vya ukingo wa mbele wa padi, upande wa kushoto; tuliipa L1 kazi ya eksi, na L2 kazi ya duara. Halafu ndani ya FIFA kwenyewe, ule mchezo wa mpira tuliokuwa tukicheza, tukakuta namna ya kucheza kwa vitufe viwili tu, pasi na shuti, mengine mashine inakisia kulingana na mpira ulipo. Kukimbia kukabaki R2, kitufe cha ukingo wa kulia. Nikailaza padi pajani kwa upande, vidole viwili vya kulia nikavikalisha juu ya R2, gumba la kushoto kwenye kijiti, cha shahada kwenye L1, cha kati kwenye L2. Nilikaa kama mtu aliyekumbatia kuku asimtoroke.

Aliyekuwa akingoja mpinzani ni kijana mmoja wa bandarini. Alikuwa na Liverpool, bila shaka. Wiki ile kila mtu alikuwa Liverpool. Mimi nikachukua Barcelona kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Akaanza kama kawaida, ananitazamia pembeni, mabeki wake wanatembea. Nikabana L1. Pasi ikaenda. Nikabana tena, ikarudi. Nikabana L2, na wavu ukatikisika.

Akanyamaza. Kisha akakaa sawa kwenye kiti, na sijawahi kuheshimiwa na mtu kwa namna ile.

"Dhuluma hiyo! Mashine yamsaidia!"

Mabishano yakaanza, na refa ndiye mshtakiwa. Mmoja akasema vitufe viwili si mpira. Mwengine akasema bao ni bao. Ami akasogea, akaitazama padi pajani kwangu, akatazama vidole, akamwambia yule kijana, "Yakhe, nawe weka viwili vyako, nani amekukataza?" Hakuweka. Alicheza na vyote, na alicheza kweli.

Nilikuwa sijui kwamba kukimbia kunachosha. Kufika kipindi cha pili vile vidole juu ya R2 vilianza kutetemeka, vikateleza, nikavirudisha, vikateleza tena. Messi wangu akawa anatembea kama bwana harusi. Akafunga la kwanza, la pili, la tatu. Nilijaribu kubana R2 kwa ukingo wa kiganja, padi ikaanguka, na padi ikiwa sakafuni akafunga la nne. Zamani angesimamisha. Ikaisha 5-1, na watu walicheka, mmoja akigonga ukuta kwa ngumi.

Kijana wa bandarini akainuka kujinyoosha. "Ami, huyu ana ishirini yako," akasema, wala hakunitazama.

Nikatia mkono mfukoni. Mfukoni hamkuwa na kitu. Mtu asiyedaiwa hatembei na ishirini. Ilibidi nichukue pesa ya mabuyu ya mpwa wangu, naye alinipa huku akihesabu kwa sauti, ili nijue ni deni. Ami akaipokea, akaitia kwenye kopo pamoja na za wengine.

"Haya inuka, mpishe mwenzio."

Nikainuka. Aliyekaa baada yangu akaichukua padi, akabonyeza eksi. Kimya. Akabonyeza tena, kwa gumba zima, mpaka kucha ikageuka nyeupe.

"Ami! Padi hii imekufa!"

Ami akatoa kitambaa chake. Akaipangusa, akaipuliza, akaigonga kidogo kwenye goti, akaanza kumtafuta nani aliyekula ukwaju. Mpwa wangu akanitazama. Nikamkonyeza angoje kidogo.