Doa Lisilowasha

Lubumbashi, Jumapili ya mwisho ya Januari, siku ya ukoma duniani

Ukoma huponza kwa ukimya wake. Doa haliwashi, haliumi, halitoi usaha, tena huenda limechukua miaka 5 au hata 20 tangu vijidudu viingie mwilini. Mtu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, atalipaka dawa ya choa mwezi baada ya mwezi. Kinachomfikisha kituoni ni lengelenge: alisogeza mbabula (jiko la makaa) ya moto ili asonge bukari (ugali), na vidole havikumwambia kitu.

Kulitambua mapema kunataka pamba tu, na mwanga wa mchana. Sokota ncha ya pamba iwe nyembamba. Mguse kwanza akiwa anatazama, aelewe; kisha afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Gusa, usiburute, maana ukiburuta, ngozi isiyo na doa iliyo kando itahisi na utadanganyika. Asipohisi ndani ya doa, shuku ukoma. Ila doa la usoni linaweza kuhisi na bado likawa ukoma. Mgongo na matako usiyaruke kwa haya. Halafu papasa mishipa ya fahamu: nyuma ya kiwiko, chini ya goti upande wa nje, nyuma ya kifundo cha ndani. Linganisha kulia na kushoto, ulionenepa utaujua.

Madoa 1 hadi 5, dawa miezi 6. Yakizidi, miezi 12. Mtu mzima humeza rifampisini miligramu 600 na klofazimini 300 mbele ya muuguzi mara moja kwa mwezi. Nyumbani, kila siku, dapsoni 100 na klofazimini 50. Ni bure. Lakini mwambie siku ileile kwamba mkojo utakuwa mwekundu na ngozi itaingia weusi. Asipoambiwa, ataziacha, na kosa hilo ni letu.

Linaloniumiza zaidi ni madoa kuvimba ghafla au mkono kulegea katikati ya matibabu, hata baada ya kuyamaliza. Familia husema amerogwa, au dawa imemdhuru. Ni mwili unaopambana na mabaki ya vijidudu. Dawa za ukoma zisisimamishwe. Aongezewe prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, upesi, kwa kuwa mshipa uliolegea chini ya miezi 6 bado unaweza kupona.

Kisha wavueni nguo na kuwaangalia wote wanaolala nyumba moja naye. Wasio na dalili wapewe dozi moja ya rifampisini, ila ulizeni kwanza habari za kikohozi, maana mwenye kifua kikuu hapewi dozi hiyo.