Kiwanja kitupu baada ya tetemeko: jenga kitakachohamishika

Tetemeko la Februari 22, 2011 liliacha katikati ya jiji la Christchurch, New Zealand, viwanja vingi vitupu kwa miaka. Kikundi cha Gap Filler, kilichoanza baada ya tetemeko la Septemba 2010, kilikuwa kikiviazima kwa muda. Mwaka 2012 kiliweka ukumbi wa wazi wa kudansi, Dance-O-Mat: ulikuwa ukiunganisha simu na mashine kuukuu ya kufulia, ukitumbukiza sarafu ya dola 2, spika na taa zinafanya kazi nusu saa. Ukumbi huo umehamishwa zaidi ya mara moja. Mwenye kiwanja kwa kawaida haoni tabu kuazima; anachoogopa ni kung'ang'aniwa.

Kwa hiyo, mkitaka kuazima kiwanja, anzeni na mkataba. Kurasa mbili zinatosha: muda, notisi ya siku 30, nani analipa bima ya madhara kwa wapita njia, nani anasafisha mkiondoka. Kipengele cha bima ndicho kinachokwamisha wengi. Christchurch walianzisha taasisi ya kushughulikia makubaliano haya tu, Life in Vacant Spaces, mwaka 2012.

Kabla ya kuchora chochote, tazameni jirani. Ukuta uliopasuka huweza kuanguka kwa mtikisiko mdogo tu, basi kaeni mbali nao angalau mara moja na nusu ya kimo chake. Mkiona vipande vinavyoshukiwa kuwa vya asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), msivivunje wala kufagia. Waiteni wenye leseni. Udongo wa kiwanja kilichobomolewa huweza kuwa na madini ya risasi kutoka rangi za zamani, kwa hiyo mboga zipandwe kwenye masanduku yenye kina cha sentimita 30 hadi 40, udongo uletwe kutoka nje. Masanduku yakitengenezwa kwa paleti, yaani majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, yawe na alama ya HT, yaani mbao zilizotibiwa kwa joto. Zenye MB zilipigwa dawa ya sumu, ziacheni.

Sakafu ya ukumbi: shindilieni changarawe sentimita 10, mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita. Juu yake paleti, kisha plaiwudi ya milimita 18. Tumieni skrubu, maana misumari hulegea kwa kuchezewa na kuing'oa hupasua mbao. Kingo za plaiwudi zipakwe vanishi kabla ya kufungwa. Maji huingilia hapo, ubao ukavimba na watu wakajikwaa. Rangi ya juu ichanganywe na mchanga laini ili isiteleze.

Halafu moto. Pallet Pavilion, ukumbi wa matukio wa Gap Filler uliojengwa kwa paleti Christchurch na kusimama kuanzia Desemba 2012 hadi 2014, ulikuwa na paleti zaidi ya 3,000, karibu zote za kuazima. Kuni nyingi kiasi hicho katikati ya mji zinahitaji mlinzi usiku kucha, na mwaka 2013 wananchi walichangishana zaidi ya dola 80,000 ili ukumbi uendelee. Pigeni hesabu ya mlinzi kabla ya hesabu ya mbao.