Pengo Lililonukia Karafuu

Gego langu la chini liling'olewa Jumanne asubuhi, mwezi wa Machi 2015, hapa Chake Chake, Pemba. Lilikuwa limeoza hadi mizizini, likavunjika, na daktari akawa anatoa kipande kimoja kimoja. Ganzi ilishika vizuri. Nilisikia kuvutwa tu. Nikapewa pamba ya kung'ata kwa nusu saa, vidonge vya maumivu, na maagizo ya mlangoni: usiteme, usisukutue, usinywe cha moto. Foleni ilikuwa ndefu. Sababu ya makatazo hayo sikuambiwa, wala sikuuliza.

Adhuhuri ikaingia. Nikatawadha kama nilivyotawadha siku zote: maji kinywani mara tatu, nikayazungusha kwa nguvu, nikatema. Yalitoka mekundu, nami nikazidi kujitahidi, kwa kuwa damu kwangu ni uchafu na uchafu huoshwa. Alasiri vivyo hivyo, magharibi vivyo hivyo. Usiku kila nilipoamka nilitema.

Jumatano nilijiona nimepona. Alhamisi usiku ndipo yalipoanza. Nimezaa watoto wawili, na bado nasema usiku ule sikuwahi kuuona mfano wake. Taya lilipwita, maumivu yakapanda sikioni hadi kipajini, na kinywa kikatoa harufu iliyonifanya nilale nimeelekea ukutani nisimpumulie mume wangu. Vidonge vilikuwa kama maji. Nikakaa kitako kusubiri adhana ya alfajiri.

Safari hii nilimkuta daktari mwengine, mama wa makamo. Alimulika, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, shimo ni tupu. Damu ikiganda mle ndiyo kifuniko cha mfupa, na chini yake ndipo nyama mpya inapoota. Yako imetoka, mfupa umebaki wazi." Kisha akauliza taratibu: "Ulisukutua wakati wa kutawadha?"

"Ndiyo, daktari."

"Kwa madhehebu yetu kusukutua ni sunna, si faradhi. Siku ile ya kwanza ungeacha, na udhu wako ungetimia."

Nililia pale kitini, na si kwa maumivu peke yake. Sentensi hiyo moja, ningeipata Jumanne!

Alilisafisha shimo kwa maji ya chumvi kwenye bomba la sindano, akachomeka kipande chembamba cha shashi kilichopakwa dawa. Harufu ikanijaa puani, harufu ya majamvi ya utoto wangu yaliyoanikwa karafuu juani. Kumbe kinachotuliza katika dawa ile ni yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, mafuta yale yale tunayoyatoa kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kiwandani Wawi. Hata nusu saa haikufika, taya likanyamaza.

Alinibadilishia dawa mara mbili. Kila nikimaliza kula nilitia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya uvuguvugu, nikainamisha kichwa huku na huku, kisha nikayaacha yamwagike yenyewe bila kuyatema. Nilikula uji na bokoboko iliyopoa, upande wa pili.

Jumapili nikapanda gari kwenda Wete kumtazama mamangu. Nilimwamkia, nikainama kumbusu mkono. Akanishika kidevu, akanusa.

"Mwanangu, mbona wanukia karafuu, na msimu bado?"