Sinki zito jikoni kwa mama

Leo sinki limeingia mahali pake. Pima maji imetulia kila upande nilikoiweka, na mama ameshaniuliza mara kadhaa kama anaweza kulitumia. Bado, mama. Silikoni haijakauka, na tumekubaliana lisiguswe na maji hadi kesho jioni.

Niandike kwa nini nimelihangaikia jambo hili. Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na maji tunayooshea vyombo siku nyingi ni ya kisima, yana chumvi. Ya mfereji yakija tunajaza matangi, tunayaweka kwa kunywa na kupikia. Sinki la stili jembamba halistahimili maji ya chumvi. Linaanza kuliwa kwa vidoa vidogo vidogo chini kabisa, mwisho linatoboka, na la mama lilikuwa limefika hapo. Tena lilikuwa na kina kifupi, limewekwa nyuma ya ukingo mpana wa kaunta, kwa hiyo akiosha chombo kizito lazima ainame na kunyoosha mikono mbele. Mgongo wake siku hizi haukubali. Masufuria ya pilau alikuwa akiyaoshea uani, amekalia kibao, na huko kuinuka ndiko kunakomuumiza zaidi.

Sinki hili limetoka katika nyumba ya zamani ya Kizingo iliyobomolewa kupisha maghorofa. Ni yale ya Kiingereza, pana, la udongo uliochomwa tanurini na kupakwa rangi nyeupe ya kung'aa, na uso wake wa mbele haujifichi ndani ya kabati, unatokeza nje. Ni uso huo ulionifanya nilitake. Ukisimama kuosha, tumbo linagusana na sinki lenyewe, hakuna ukingo wa kaunta katikati, mikono inashuka wima. Waingereza husimulia kwamba ya London yalitengenezwa bila tundu la kupunguzia maji yanapojaa kwa kuwa maji ya mji yalikuwa haba, na ya Belfast yakawekewa tundu hilo kwa kuwa huko maji yalikuwa tele. Letu halina tundu. Kwa sisi tunaohesabu ndoo, ni sawa kabisa.

Shida yake ni uzito, na hapa ndipo nilipopishana na karibu kila aliyenishauri. Tulilipima kwenye mizani ya muuza mchele, likaonyesha kilo 52. Ndani lina sentimita 68 kwa 38, kina 22, yaani zaidi ya lita 56, na kila lita ni kilo. Likijaa umevuka kilo 108, na hujatia sufuria hata moja. Muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi alisisitiza nilibandike kwa gundi chini ya jiwe la kaunta, basi. La stili, sawa. Hili sikukubali. Wala kabati haliwezi kuachiwa mzigo huo, maana ili uso utokeze lazima ukate mbele, na ubao unaoukata ndio ulioshika mbavu mbili za kabati zisiachane. Unaliongezea mzigo na hapo hapo unalipunguzia nguvu.

Ami yangu, ambaye useremala ndio kazi yake tangu ujana, hakuhitaji maelezo marefu. "Mzigo upeleke chini, mwanangu. Kabati liwe nguo tu."

Basi tukaunda fremu ya mvule ndani ya kabati. Miguu minne inapenya ubao wa chini hadi sakafuni, na juu kuna mbao nene kushoto, kulia na nyuma, katikati pameachwa wazi kwa ajili ya bomba. Mvule mchwa hausumbui. Skrubu ni za shaba, kwa sababu hewa ya bahari huku inamaliza msumari wa kawaida.

Kukata uso wa kabati ilikuwa kazi ya subira. Masinki ya udongo hupindapinda kidogo tanurini, hakuna mawili yanayolingana sawasawa, na kipimo cha karatasi hakitoshi. Ami aliegemeza kadibodi kwenye sinki lenyewe, akafuata ukingo wake kwa penseli, kisha akakata kwa msumeno wa meno madogo akibaki ndani ya mstari. Kilichosalia alikimaliza kwa msasa, akijaribisha, akitoa, akisugua tena, mpaka nafasi iliyobaki ikawa haipitishi zaidi ya kadi ya simu. Ubao uliokatwa tukaupaka vanishi mara kadhaa. Ubao wa maranda yaliyoshindiliwa ukinywa maji huvimba, na haurudi.

Kilichotuchelewesha kupita mbao ni ukuta. Sinki lenye kina linashusha bomba la maji machafu, na bomba la zamani ukutani likawa juu kuliko kona mpya inayozuia harufu. Fundi wa bomba alitaka kuunganisha kwa mpira wa kujikunja unaopanda juu kidogo. Nikamwambia hapana, mafuta ya biriani yangetuama humo na baada ya miezi michache tungekuwa tunazibua kila Ijumaa. Tukatoboa upya, chini zaidi. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia dhiraa, hivyo ilikuwa patasi na nyundo, taratibu, kwa kuwa mashine inaupasua. Tundu tukaliziba kwa chokaa. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya kuta hizi, na plasta inaanza kubanduka.

Nimemwomba mama aache stilwuli, inakwangua ule weupe. Makumbi ya nazi hayana neno. Ami anamchongea kichanja cha mbao cha kutandika chini, sufuria zito likiponyoka lisimegue udongo.

Bado milango ya kabati haijapunguzwa urefu, na bomba la kufungulia maji halijafungwa. Mama analitaka juu sana, sufuria la kilo kumi lipite chini yake bila kuinamishwa. Fundi anasema litarusha maji. Nimemwambia alifunge anapotaka mama, kisha tutaongeza kichujio cha kutuliza maji mdomoni mwake. Anakuja Ijumaa baada ya swala.