Sarafu ya upande mmoja

Mimi ni mgonga shaba hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo. Twiga, akina mama wenye mitungi, sura ya Yesu, vyote navitoa kwenye bamba jembamba kwa nyundo na vyuma vyangu. Kwa hiyo nikiangalia picha za brakteati, sarafu za fedha za Ujerumani ya zamani, naangalia kwanza mkono wa fundi.

Zilianza kupigwa karne ya 12, pande za Thuringia na Saksonia. Madini ya fedha yalipondwa-pondwa, yakakatwa duara, yakalazwa juu ya kitu laini kama ngozi au madini ya risasi, kisha muhuri mmoja tu wa chuma ukagongwa juu yake. Mbele picha inatokeza, nyuma yanabaki mabonde yake. Nyingine zina upana wa zaidi ya sentimita 4, na uzito haufiki gramu 1! Kwa wembamba huo upande wa pili haupigiki. Picha moja ingeiua nyingine.

Ninazozipenda ni za Magdeburg, zenye Mtakatifu Mauritius, askari wa Misri, ameshika silaha na bendera. Katika kanisa kuu la mji huohuo kuna sanamu yake ya karne ya 13, na sura ni ya mtu mweusi kabisa, ndugu zangu.

Ila uzuri huo ulikuwa na bei. Kila baada ya muda mtawala alitangaza kwamba sarafu za zamani zimekufa, zirudishwe. Ulileta 4 ukapewa mpya 3. Ile ya nne ilikuwa kodi. Magdeburg walifanya hivyo hata mara mbili kwa mwaka. Na sarafu nyembamba, ya muhuri mmoja, ni rahisi kuyeyushwa na kupigwa upya. Naona hapo ndipo ufundi na kodi vilipokutana. Sisi wa Kongo tuliobadilishiwa makuta, yaani pesa, mwaka 1993, zaire (pesa yetu ya wakati huo) 3,000,000 kwa moja mpya, hatuhitaji kuelezwa sana mwenye akiba anavyoumia.

Wafanyabiashara walichoka. Miji ikaanza kuwalipa watawala ili sarafu isibadilishwe tena, na mwaka 1369 miji ya Brandenburg, Berlin ikiwemo, ilinunua haki ya kujipigia sarafu yake yenyewe.