Dawa ya minyoo ndani ya changarawe

Kazi yangu ni kuchinja na kunyonyoa kuku hapa Tabora, karibu na stesheni, kwa hiyo habari za matumbo ya kuku siulizi mtu. Ukipasua firigisi ya kuku wa kienyeji, kabla hujabandua ile ngozi ya njano, unakuta vijiwe na mchanga, mara nyingine hata kipande cha chupa. Kuku hana meno, vijiwe ndivyo vinavyomsagia. Halafu kule chini kuna vile vitumbo viwili vilivyozibwa mwisho. Vikamue nchani utaona vitu vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vinajipinda. Minyoo hao. Wateja huwa siwaonyeshi.

Kumbe ndege wa porini wa nchi za baridi nao wanayo, tena mahali palepale! Kuna jamaa wa kwale, jenasi Lagopus, anayeishi kwenye vilima vya Uskoti na kaskazini mwa Uingereza (ndugu zake wako juu zaidi, kwenye theluji ya milima ya Japani). Mnyoo wake ni Trichostrongylus tenuis. Mayai hutoka na kinyesi, lava (yaani watoto wa mnyoo) wanapanda mpaka ncha za majani, ndege anakula majani, anaambukizwa tena.

Mwaka 1992 watafiti Hudson, Dobson na Newborn walieleza jambo ambalo halijanitoka kichwani. Jike anayeatamia hupunguza harufu yake asinuswe. Mwenye minyoo mingi hilo linamshinda, na mbwa wanampata kwa urahisi kuliko aliyepewa dawa. Maskini, kachongewa na tumbo lake mwenyewe.

Sasa ndege wa porini utamtibu vipi? Watafiti waliwakamata na kuwanywesha mmoja mmoja. Wenye mashamba ya uwindaji wana njia nyingine: changarawe inapakwa mafuta yenye dawa, inawekwa kwenye visanduku huko vilimani. Ndege anakuja mwenyewe kutafuta vijiwe vya firigisi, anameza na tiba humo humo. Aliyebuni hilo lazima alishapasua firigisi.

Na kwa kuwa ndege hao wanaliwa, changarawe hiyo inatakiwa iondolewe angalau siku 28 kabla ya kuwinda. Huku kwetu mtu anamnywesha kuku dawa asubuhi, mchana kashamfunga miguu kaniletea. Siku hizi nauliza kwanza: kanywa dawa lini? Wengine wananuna, wanampeleka kwa mchinjaji wa pili.