Detroit: kiwanda kikifungwa, genge linaajiri

Watu wa Tanga tulioona mkonge ukianguka, Detroit tunaielewa upesi. Mwaka 1950 mji ule wa magari huko Michigan, Marekani, ulikuwa na watu kama milioni 1.85, kufikia 1980 wamebaki milioni 1.2. Kampuni ya Packard iliacha kuunda magari pale 1956. Kiwanda cha magari cha Dodge Main kikafungwa Januari 1980.

Magenge yalikuwepo zamani, ila mengi yalikuwa ya kulinda mtaa na kupigana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaja Young Boys Incorporated, na hapo ndipo mambo yalipogeuka: genge likaendeshwa kama kampuni ya heroini. Wakubwa hawakushika mzigo. Barabarani walisimama watoto, kwa sababu sheria ya Michigan ya 1978 ilimpa mtu mzima kifungo cha maisha akikutwa na gramu 650 au zaidi za dawa kama heroini, wakati mtoto alipelekwa mahakama ya watoto akarudi kijiweni. Yaani sheria kali ndiyo iliyowasukuma watoto mbele, jambo ambalo wapenda vifungo virefu hawalitaji. Pakiti zilipigwa mihuri ya majina, mteja ajue mali ya nani.

Mwaka 1982 viongozi wa genge hilo wakashtakiwa. Soko likabaki, kazi hazikurudi. Ilipoingia kokeini ya kuvuta (crack), ndugu wa familia ya Chambers walileta vijana kutoka kwao Marianna, Arkansas, mji mdogo wenye njaa ya ajira, wakawaweka kwenye nyumba za kuuzia kwa masharti makali. Walihukumiwa 1988.